Komando kalazwa, mwenzenu sili silali!

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba jana usiku hukulala kwa sababu mbwa wako anaumwa, halafu umwangalie usoni. Kwanza atadhani hajakusikia vizuri. Kisha atarudi nyuma hatua mbili na kuuliza kama ni kichaa, maana hapa Bongo mbwa anajulikana kwa ugonjwa mmoja tu. Ukimjibu kwamba hapana bwana, ni minyoo ya moyo, na kwamba mgonjwa amekwisha kuchomwa sindano tatu na sasa yupo kwenye mapumziko kama mzazi aliyetoka wodini, basi mazungumzo yenu yameishia hapo. Atacheka mpaka ashike mbavu, kisha atakupeleka kijiweni ukawe habari ya jioni.

Mwenzenu nimechekwa miezi hii mitatu na ushee mpaka nimezoea. Nacheka nao. Usiku ukiingia ndipo kicheko kinapoisha.

Mgonjwa mwenyewe anaitwa Komando. Jina alipewa na kaka yangu, aliyemleta nyumbani Tabata akiwa mdogo wa kuwekwa kwenye boksi la viatu, kabla kaka hajapata kazi Mwanza na kutuachia. Msije mkadhani ni mbwa wa kizungu wa Masaki. Komando ni koko, baba hajulikani, rangi ya maji ya kunde, sikio moja limesimama na la pili limekataa. Lakini wezi wa kuku wa mtaa wetu wanamfahamu kwa jina, na mama, ambaye hataki kabisa mbwa aguse kizingiti cha mlango wake, hawezi kulala mpaka amsikie akijitikisa nje.

Ilianza na kikohozi. Kikavu, cha mzee mvuta sigara, hasa akishakimbia. Mara akikimbiza pikipiki anaishia njiani, anasimama ulimi nje kama aliyesahau alichokuwa anakifuata. Mbavu zikaanza kuhesabika. Bwana mifugo mmoja aliyekuwa akipita mtaani akatuuzia dawa ya minyoo, tukampa, kikohozi kikaendelea kama hakikusikia. Ndipo nikampakia kwenye bajaji, baada ya kubembelezana na dereva na kumuongezea nauli, nikampeleka kwenye kliniki ya wanyama.

Dokta wa pale ni dada mmoja mtaratibu, haongei haraka. Akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kioo, akainama kwenye darubini, kisha akaniita: "Dada, njoo uone."

Jamani! Niliona vidude vyembamba kuliko uzi, vinajinyonga katikati ya damu ya Komando, vinasukuma chembe nyekundu huku na huku kama wapiga debe wa stendi wanavyosukuma abiria. Mpaka leo nikifumba macho naviona. Dokta akasema hao ni watoto wa minyoo, ila hataki kukurupuka, kwa sababu kuna minyoo mingine inayofanana na hiyo ikiwa kwenye damu, inaenezwa na viroboto na haina madhara makubwa. Akatoa kipimo kidogo cha plastiki, mfano wa kile cha mimba, akadondoshea damu. Tukasubiri. Mistari miwili ikatokea. Nilikaa kwenye benchi kama msichana wa kidato cha tatu aliyepewa majibu asiyoyataka.

Naomba niwaeleze ugonjwa huu ulivyo, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuusikia. Anayeuleta ni mbu. Mbu akimnyonya mbwa mwenye minyoo anabeba wale watoto, wanakaa tumboni mwake na kukua kwa wiki mbili hivi iwapo hali ya hewa ni ya joto, na nyie mnaijua Dar, joto si la kutafuta. Akimuuma mbwa mwingine anawaachia pale pale kwenye ngozi. Wanaanza safari yao mwilini, na baada ya miezi 6 au 7 wamefika kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu mapafuni, wakizidi idadi wanajaa hadi kwenye moyo wenyewe, upande wa kulia. Jike la mnyoo huo linaweza kufika sentimita 30. Chukua rula ya shule uitazame. Halafu fikiria rula kama hizo kadhaa, laini kama tambi, zimelala kwenye mshipa wa mbwa mwenye kilo 20. Na zinaweza kuishi humo miaka 5 hadi 7, huku zinazaa.

Mama alikuwa na swali moja tu, nalo ni lile lile ambalo ungeuliza wewe: "Na sisi je?" Nikampigia dokta simu, nikaweka sauti kubwa ili amsikie mwenyewe. Dokta akamwambia kwamba binadamu si makao ya mnyoo huu, kwamba ni mara chache sana unampata mtu, na ukimpata kwa kawaida unafia mapafuni ukiwa bado mchanga. Kisha akasema jambo ambalo lilimkalisha mama chini. "Ila mama, una ndugu zake unaowajua. Matende na mabusha." Ni kweli, ni ukoo mmoja wa minyoo, na wote wanapanda usafiri ule ule wa mbu. Mama alizaliwa pwani, miguu ya matende ameiona tangu utotoni. Hakuuliza tena. Kesho yake nilimkuta anamwaga maji yaliyotuama kwenye tairi bovu nyuma ya choo, bila kuambiwa na mtu.

Na hata dawa zinajuana. Mnakumbuka zile kampeni za kumeza dawa za matende, zilizoanzia kisiwani Mafia mwaka 2000 na baadaye zikafika mikoa mingine na hapa kwetu? Mojawapo ya vidonge vile ni ivamektini. Dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana, ndiyo mbwa anapewa kila mwezi ili asipate minyoo ya moyo. Mwaka 1987 ilianza kuuzwa Marekani kwa ajili ya mbwa, na mwaka huo huo kampuni ya Merck ikatangaza kuitoa bure kwa watu wenye ugonjwa wa usubi, kwa jina la Mectizan. Wataalamu wawili walioivumbua, William Campbell na Satoshi Ōmura wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo ukiniona nampa Komando kidonge ndani ya kipande cha utumbo, usicheke sana. Pengine na wewe ulishakimeza, tena kwa maji ya kiroba.

(Tahadhari tu: kijana mmoja wa mtaani alinishauri nimchome Komando ile ya ng'ombe ili yaishe. Dokta alinikaripia hata kabla sijamaliza sentensi. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na wapo mbwa, hasa wa aina ya koli, ambao dawa hiyo ikizidi inawapanda kichwani na kuwaua.)

Sasa tuje kwenye tiba, maana hapa ndipo usingizi wangu ulipopotelea.

Mimi nilidhani dawa inaua minyoo, mbwa anapona, basi. Kumbe hata kuanza hatuanzi. Kwanza mgonjwa alipewa doksisaiklini, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Hiyo wala haikuwalenga minyoo wakubwa moja kwa moja. Ndani ya mnyoo kuna bakteria waitwao Wolbachia, na mnyoo unawategemea. Ukiwaua wao, mnyoo unadhoofika na unashindwa kuzaa. Nilimwambia mama, akashika kiuno: "Yaani mnyoo nao una mpangaji!" Baada ya hapo tukakaa mwezi mwingine bila kufanya lolote zaidi ya kidonge cha mwezi. Dokta alitumia muda huo kuiagiza nje dawa yenyewe kwa sababu hakuwa nayo. Ndipo siku ya 60 ikaja sindano ya kwanza.

Dawa hiyo inaitwa melarsomini, na ndani yake kuna arseniki. Ndiyo, arseniki ile ile ya sumu. Dokta alinieleza bila kuficha kwamba ni ya jamii moja na melarsoproli, waliyokuwa wakichomwa wagonjwa wa malale tangu mwaka 1949, ambayo ilitibu wengi na wengine ikawaua. Ya mbwa ina nafuu yake, lakini si ya mchezo. Inachomwa ndani kabisa kwenye nyama za mgongo, upande mmoja, na inauma. Mwezi mmoja baadaye inachomwa ya pili, na ya tatu siku inayofuata, upande wa pili. Siku zile mbili Komando alilazwa. Nilimuacha kwenye kizimba, jirani yake rottweiler wa watu wenye gari ya maana aliyekuwa amevunjika mguu, nikatoka bila kugeuka maana nilijua nikigeuka ataanza kulia, na mimi nitamfuata.

Usiku ule simu niliilalia. Saa tatu nikapiga, dokta akasema amekula kidogo. Saa tano nikataka kupiga tena, mama akaninyang'anya simu. "Muache mwenzio alale, na yeye ana watoto." Sikujua kama alimaanisha dokta au Komando.

Lakini sindano si ndiyo shida kubwa. Shida ni kwamba minyoo ikishakufa haina pa kutokea. Haitoki kwa haja kama ile ya tumboni. Inaozea mle mle kwenye mshipa, inakatika vipande, na vipande vinasukumwa na damu mpaka kwenye mishipa myembamba ya mapafu. Pale vinaziba. Mwili unavimeza polepole, kwa wiki na wiki, ikiwa mbwa ametulia. Mbwa akikimbia, moyo ukaenda mbio, damu inasukuma kwa nguvu, vipande vingi vinaziba kwa pamoja, na mbwa aliyepona minyoo anakufa kwa maiti za minyoo. Dokta alisema wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho asikimbie, asiruke, asipigane, asibweke sana. Atoke kwenda haja kwa kamba, arudi. "Na asifurahi kupita kiasi," akaongeza.

Hapo ndipo nilipochoka. Asifurahi!

Nyie mnaijua Tabata? Nyumba yetu inapakana na njia. Asubuhi wanapita wanafunzi, na wapo wawili ambao tangu zamani wanampigia Komando mluzi ili abweke, ndiyo burudani yao. Halafu muuza samaki na baiskeli yake, halafu bodaboda, ambao yeye anawachukia kuliko kiumbe chochote duniani, halafu paka wa nyumba ya tatu anayejua fika kwamba mnyororo unaishia wapi. Tukamhamishia kwenye stoo ya mkaa, tukaifagia, tukatandika gunia, tukaziba upenyo wa mlango kwa kanga kuukuu asione njia. Mama alitoa kanga mwenyewe. Mwanamke ambaye miaka mitano alikuwa anasema mbwa ni wa nje!

Lakini paka na bodaboda unaweza kuwazuia. Kinachomfurahisha Komando kuliko vyote ni mimi kurudi nyumbani. Alikuwa na kawaida yake: akisikia hatua zangu tangu kwenye kona, anazunguka mara tatu, anaruka, mkia unampiga mbavuni, analia kama nimetoka Ulaya, hata kama nilikwenda dukani kununua vocha. Dokta aliponiuliza ni kitu gani kinamchangamsha zaidi, nilitaka kumdanganya.

Kwa hiyo nimejifunza kurudi nyumbani kama mwizi. Navua viatu kwenye kona. Simsemeshi. Napita mlango wa stoo bila kumuangalia, naingia ndani, nakaa nusu saa, ndipo naenda taratibu na bakuli la chakula kama mtu ambaye tumeonana sasa hivi. Wiki ya kwanza alikuwa anajaribu kuinuka, ananitazama, mkia unagonga gunia mara mbili, namuita "Lala" kwa sauti kavu, analala. Wiki hii hata mkia haupigi. Dokta anasema ndivyo inavyotakiwa. Mimi sijui kama mkia umetulia kwa sababu ametii, au kwa sababu anaumwa, au kwa sababu amefikia uamuzi wake kuhusu mimi.

Mambo ya fedha sitayaandika kwa tarakimu hapa, kwa sababu mama anasoma gazeti hili. Niseme tu kwamba kuna simu nilikuwa najiwekea akiba ninunue, na bado natumia ya zamani. Kaka anatuma chake kutoka Mwanza. Anapiga kila jioni, anauliza hali ya mama, anauliza umeme kama upo, anauliza paa kama bado linavuja, halafu anakaa kimya kidogo, ndipo anasema, "Na yule?" Hajawahi kutaja jina tangu sindano ya kwanza.

Mama mwenye genge letu aliniambia wazi, bila ubaya: "Mwanangu, hiyo hela si ungechukua mwingine? Watoto wa mbwa wanagawiwa bure." Kwa hesabu yuko sahihi. Mbwa koko hauzwi. Tena mwezi huo huo palikuwa na mchango wa mtoto wa jirani aliyelazwa, nikatoa nilichoweza, na nilipokuwa naandika jina langu kwenye daftari nilijua kabisa kwamba ndani ya pochi nina hela nyingine ambayo kesho yake naipeleka kwa mbwa. Nilibaki nayo. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia kwamba yule mtoto alikuwa na mtaa mzima kwenye daftari na Komando alikuwa na watu watatu. Sidhani kama ni jibu la kumtosheleza mtu, lakini ndilo lililonipeleka kliniki asubuhi ile.

Na huyo huyo mama wa genge juzi nilimsikia anawafukuza wale wanafunzi wa mluzi kwa fagio. "Hamjui kuna mgonjwa humu?"

Usiku wa tisa baada ya sindano ya mwisho, Komando alikohoa. Mara moja, kisha kimya, kisha mara tatu mfululizo. Dokta alishanitahadharisha kwamba kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu ndizo siku za kuziogopa. Ilikuwa saa nane usiku, umeme umekatika. Nilitoka na tochi ya simu, nimejifunga kanga, mikono inatetemeka. Nikampigia dokta, na Mungu ambariki, alipokea. Akaniuliza kama anatema damu. Hapana. Nifungue mdomo nitazame fizi. Nikafungua, zilikuwa za pinki, si nyeupe. Nihesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa amelala, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Nilihesabu 38. Akasema ni nyingi, mbwa aliyetulia hatakiwi kuzidi 30, ila tusimbebe usiku ule kwenye bajaji akahangaika zaidi. Nimpe kile kidonge cha prednisoloni alichoniachia kwa ajili ya shida kama hiyo, nihesabu kila nusu saa, ikizidi 40 nimpeleke hata kama ni saa kumi.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mgongo kwenye gunia la mkaa. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na nne. Mbu walinila kweli kweli, na kila mmoja niliyemuua usiku ule nilimuua kwa hasira maalumu. Kama saa kumi hivi mama alikuja na chai ya rangi, akasimama mlangoni, hakuingia. "Ngapi?" Nikamwambia 32. Akarudi ndani, lakini sikusikia kitanda.

Asubuhi dokta alikuja mwenyewe, akamsikiliza kifua, akasema kuna kipande kimepita, pengine kidogo. Akaongeza siku za kidonge. Alisema inaweza kutokea tena na inaweza isitokee, na kwamba kipimo cha kujua kama minyoo yote imekwisha kitafanyika miezi 9 baada ya sindano ya mwisho. Nimeweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, lakini kalenda inaishia Desemba na alama inatakiwa iende mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo nimeandika pembeni.

Leo ni siku ya 16. Kwenye daftari langu la hesabu za Komando jana usiku pameandikwa 26, 24, 24. Bado mwezi mzima wa stoo. Kuanzia sasa na yeye atakuwa anameza kidonge chake kila mwezi, kaka amesema atakilipia hata kama analala njaa huko Mwanza, na wale walioniandikia kuuliza dawa yenyewe wanapata wapi, waende kwa daktari wa mifugo mbwa akapimwe damu kwanza. Usimpe mbwa ambaye hujui kama tayari ana minyoo, kwa sababu watoto wa minyoo wakifa wengi kwa pamoja wanaweza kumletea mshtuko.

Sasa mniwie radhi. Ni saa kumi na moja na nusu, wanafunzi wameshapita, paka hayupo, na mgonjwa anatakiwa kutoka haja.